Raundi ya Baba Mkwe

Wanaume wengi wakishanunua gari la mbio za uwanjani hulikimbiza siku mbili tatu, kisha hulifunika turubai, likabaki la kuonyesha wageni. Rubani hakuwa wa namna hiyo, na hakuacha mtu apite bila kulijua hilo. "Gari si picha ya ukutani," alikuwa akisema. "Usipolitumia linakufa limesimama." Basi kila Jumamosi, jua liwake au mvua inyeshe, tela lilifungwa nyuma ya pikapu, gari likapandishwa juu yake, na safari ya uwanja wa mbio ikaanza. Jumatatu alimwaga oili. Jumatano alifungua breki. Ijumaa hakuna aliyethubutu kumsemesha.

Jina la Rubani alijipa mwenyewe, na rafiki zake wakamwachia.

Barabarani gari lile lisingefika hata dukani. Halikuwa na namba, wala taa, wala honi. Kila kilichoongeza uzito kilikuwa kimeng'olewa: zulia, redio, viti vya nyuma, mpaka vitasa vya vioo. Ndani palibaki vyuma vilivyochomelewa mfano wa kizimba, usukani wa kuchomoa na kuchomeka, na viti viwili. Cha dereva kilitoka dukani. Cha abiria alikishona baba mkwe.

Mzee alikuwa fundi cherehani, na kiti kile ndicho kilichokuwa kazi yake ya mwisho. Ukungu ulishaanza kumwingia machoni. Alishona zaidi kwa vidole, kitambaa chekundu, mishono miwili miwili, akirudia kila pembe mpaka iliporidhika na kulala. Rubani alipomuuliza anadaiwa nini, mzee akacheka.

"Mkwe, mimi tangu ujana ni mtu wa baiskeli. Gari nimepanda kama gunia, nimebanwa huko nyuma na watu. Sitaki chochote. Siku moja niweke kwenye kiti hiki, unizungushe raundi moja. Nijue nilichokishona kinakwendaje."

"Umepata, baba. Jumamosi."

Hakusema Jumamosi ipi.

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni na mtoto kiunoni, akaipokea ahadi ile kama yeye ndiye aliyeahidiwa. Alikuwa binti pekee wa mzee. Alibeba jina la bibi yake, mama mzazi wa mzee, na kwa hiyo baba yake hakuwahi kumwita kwa jina hata siku moja. Alimwita Mama. Tangu anatambaa: Mama njoo, Mama umekula, Mama nani kakuliza.

Jumamosi ya kwanza mzee akaomba shati lake jeupe. Binti akalipiga pasi. Mzee akakaa kwenye kigoda kando ya tela, mikono magotini, kama bwana harusi anayesubiri kuitwa. Rubani akampita na dumu la mafuta.

"Leo siyo, baba. Leo najaribu matairi mapya."

Iliyofuata ilikuwa breki. Halafu gia ya tatu ikawa inagoma. Halafu kukawa na mashindano. Shati likapigwa pasi, likavaliwa, likavuliwa safi, likarudi kwenye msumari. Mwishowe Rubani alitoa la moyoni, si kwa mzee bali kwa mkewe, jikoni, mswaki mdomoni.

"Nimehangaika miezi kupunguza uzito, mpaka vitasa nimeng'oa, halafu nipakie mzee? Atanitapikia."

"Mzee mwenyewe ni mifupa na shati."

"Basi ni mifupa na shati vitakavyonitapikia."

"Ulimwahidi."

"Nilimwahidi. Sikumwambia Jumamosi ya lini." Akatema povu kwenye sinki, akacheka peke yake.

Huku nyuma macho ya mzee yalikuwa yanafunga. Kwanza alimwomba binti amtungie uzi. Baadaye akawa anausalimia mlango akidhani ni mtu. Daktari alisema ni presha ya macho, imekwishakula ndani, na kwamba walipaswa kuja mapema. Mzee alihamia chumba cha uani kwa binti yake, na cherehani akaigawa. Ila Jumamosi ikifika bado aliliulizia shati.

"Baba, lakini huoni."

"Si mwili upo, Mama? Mwili utaona."

Ikatokea wiki uwanja ukafungwa ili kuwekwa lami mpya. Jumamosi hiyo Rubani alizunguka uani tangu asubuhi kama jogoo aliyefungwa kamba mguuni. Rafiki zake wawili walikuja kama kawaida: Tairi, ambaye tumbo lake lilikuwa likifika mahali kabla yake, na Mchomeleaji, aliyevichomelea vyuma vya gari. Na mzee naye akatoka na shati lake jeupe, akapapasa ukuta mpaka kwenye kigoda, akakaa.

Binti alikuwa kazini, kwenye tanuri la mikate. Aliporudi mchana alisikia ngurumo ya injini nyuma ya nyumba, na vicheko. Aliona waya wa umeme umetoka dirishani kwa mtoto, ukapita juu ya kamba za kuanikia nguo. Akaufuata.

Gari lilikuwa juu ya tela, na tela halikuwa limefungwa kwenye kitu chochote. Baba yake alikuwa ndani, kwenye kiti chekundu, amefungwa mikanda. Rubani, kando yake, alikuwa akikanyaga mafuta na kuzungusha usukani hewani kama mtoto. Kwenye dirisha la gari, upande wa mzee, waliweka stuli, juu ya stuli feni ya mtoto, ile yenye gundi ya bluu mguuni, ikimpulizia usoni kwa nguvu zake zote. Simu ilikuwa inapiga kelele za washangiliaji wa mpira. Tairi alilikalia tela kwa nyuma, pua ya gari ikainuka.

"Tunaongeza mwendo, mzee! Shika roho!"

"Nimeshika! Nimeshika!"

"Kona ya kulia hiyo!"

Mchomeleaji na Tairi wakajibwaga upande wa kulia, tela likalala kulia, kama baiskeli inavyolala inapokata kona. Mzee akalala nalo, akapiga yowe. "Kushoto!" Wakahamia kushoto, wakiwa wamefinya midomo, machozi ya kicheko yanawatoka. Tairi akachovya mkono kwenye ndoo, akamrushia matone.

"Manyunyu, mzee! Tumeingia kwenye manyunyu!"

"Usipunguze, mkwe! Kanyaga!"

Binti hakuwahi kuisikia sauti ile ya baba yake, hata siku alipoolewa. Rubani akamwona, akaweka kidole mdomoni. Yeye akafungua kinywa. Alikuwa na unga mpaka kwenye viwiko na mtu wa kufokewa alikuwa mbele yake. Ndipo mzee akasema, akipaza sauti juu ya injini, "Ningependa Mama angekuwepo akaniona!"

Akakifunga kinywa, akaingia ndani kunawa unga.

Jioni mzee alimpakata mjukuu akamhadithia: upepo ulivyokuwa, watu walivyokuwa wengi. "Walikuwa wananishangilia mimi babu yako. Na mwili wangu uliona kila kona." Binti alikuwa akikunja nguo. Alijiambia atamweleza kesho, akiwa ametulia. Kesho ilipofika, mzee alikuwa anaimba.

Uwanja ukafunguliwa, Rubani akarudi kwenye mbio zake, na ule mchezo ukabaki. Kila Jumamosi wakirudi, kabla gari halijashushwa, walifungua tela na kumwita mzee apate raundi yake. Rubani alijisifu kwamba sasa gari linatumika mara mbili kwa siku moja, wenye turubai zao waje wajifunze. Waliongeza vituko. Siku moja waliweka gari la jirani lipige honi. Siku nyingine walimvisha mzee taji la maua ya plastiki na kumwambia amekuwa wa pili. Mzee alilitundika taji juu ya kitanda, akawa analigusa kabla ya kulala.

Kazini, mpanga mikate mmoja alimsogezea binti simu. "Hebu mwone mzee huyu. Nimecheka sina mbavu."

Video ya zile raundi za uani ilikuwa imeshatembea mji mzima. Chini yake waliandika: Dereva wa Tela. Aliona taya la baba yake likicheza kwa furaha, aliona gundi ya bluu kwenye mguu wa feni.

"Mbona hucheki?"

"Nilishaiona," akasema, akarudi kwenye tanuri.

Siku hiyo hakungoja Rubani anawe. "Mtampeleka uwanjani kweli. Raundi moja, ya kweli. Ama sivyo namweleza baba."

"Mweleze." Rubani alikuwa na kitambaa mkononi, anafuta sahani za breki taratibu. "Nenda sasa hivi. Mwambie, baba, ulichokuwa unakishangilia ni feni ya mjukuu wako. Nenda bwana, mimi nitakushikia mtoto."

Alisimama pale. Kutoka chumba cha uani ulikuja mluzi wa mzee.

"Unaona?" Rubani akasema. "Mimi nimempa raha. Wewe unataka kumpa nini?"

Ijumaa iliyofuata, Rubani alipokuwa anaoga, mkewe aliingia garini, akabonyeza pete nyuma ya usukani kama alivyomwona mumewe akifanya mara nyingi, ukachomoka. Akautia kwenye mfuko wa nguo chafu. Kazini aliuzika chini kabisa ya pipa la unga wa akiba.

Jumamosi asubuhi Rubani alikuta chuma cha usukani kimebaki kitupu kama shingo ya kuku aliyechinjwa. Alipekua kabati, akapekua uvungu, akapekua mpaka ndoo ya nepi. Tairi na Mchomeleaji walifika wakakaa kwenye tela, wanamtazama.

"Rubani bila usukani," Tairi akasema, "si anaitwa abiria?"

Hapo ndipo alipomshika mkewe mkono, akaukaza mpaka vidole vyake vikabaki vimechoreka. Mke hakulia. Alisema neno moja tu, na alilisema tena kila alipokazwa. "Raundi. Raundi."

Jumamosi hiyo gari halikutoka. Ilikuwa mara ya kwanza. Simu zilipigwa kutoka uwanjani: vipi, umeshafunika turubai? Hilo ndilo lililomchoma. Alikaa nalo siku kadhaa, bila kula, kisha akasema akiangalia pembeni, "Moja tu. Na sitapunguza mwendo kwa ajili ya mtu."

"Usipunguze," mkewe akajibu. "Nataka iwe ya kweli."

Akaurudisha usukani. Usiku alilipiga pasi shati jeupe kwa furaha. Alijipangia mambo yote kichwani: raundi moja ya kweli ingeingia katikati ya zile za uongo, zote zingegeuka kuwa kweli, na yeye asingehitaji kusema kitu milele. Aliamini hivyo kabisa.

Uwanjani ilikuwa siku ya mazoezi. Majukwaa yalikuwa matupu, isipokuwa mfagizi mmoja. Mzee alinusa hewa. "Leo wamechelewa kuja, watu?"

"Watakuja, baba."

"Na wewe umekuja, Mama. Basi leo utaniona."

Binti alimfunga mikanda mwenyewe, akapitisha kidole chini ya kila mmoja kuhakikisha haumkati. Mzee alipapasa mshono wa kiti, akaujua, akatabasamu. Mchomeleaji akaleta helmeti.

"Mbona leo mnanivalisha sufuria?"

"Ndiyo sheria ya leo, baba," binti akasema, na Tairi akageuka pembeni, mabega yanamcheza. Kioo cha plastiki cha helmeti kikafungwa. Gari likaondoka.

Halikuondoka kama linavyosimuliwa. Lilitoweka. Ngurumo ilikwenda nyuma ya kilima, ikawa nyembamba kama mbu, ikanenepa tena. Binti alimwinua mtoto juu ya kichwa chake. "Babu huyoo! Babu anakuja!" Wekundu wa kiti ulipita dirishani mwa gari na kupotea, machozi yakamtiririka, na akawa anacheka. Rubani hakupunguza. Kila mtu aliyekuwa pale alisema baadaye kwamba hajawahi kuendesha vizuri vile.

Gari liliporudi na kusimama, alikimbia akafungua mlango, akamvua baba yake helmeti. Uso ulikuwa na rangi ya jivu. Shati jeupe lilikuwa limechafuka kwa matapishi kuanzia kifuani. Mikono ilikuwa imeng'ang'ania mikanda, hata akawa anaibandua kidole kimoja kimoja.

"Umeonaje, baba?"

Mzee akampapasa kifundo cha mkono, akakishika. "Kumbe na wewe ulikuwemo."

"Nilikuwepo muda wote."

"Ukawaacha wanifanyie hivi."

"Wakufanyie nini, baba?"

"Mama, mimi kipofu. Sijawa mjinga." Sauti ilikuwa ndogo. "Mmenifungia ndani ya debe mkanitikisa. Upepo haukuwepo. Watu hawakuwepo. Siku zote tukifika kona ya kulia ninalala kulia. Leo anakata kulia, mimi natupwa kushoto, ubavu kwenye chuma! Nimepanda baiskeli maisha yangu yote. Ukikata kulia mwili unakwenda kulia. Nani asiyejua hilo? Leo gari halikwenda. Leo mlikuwa mnanicheza."

Halafu Tairi akaketi chini, pale pale kwenye lami, akashika tumbo. Mchomeleaji akaegemea gari, akawa anapiga bati kwa kiganja, hawezi kutoa sauti. Rubani kwanza alikasirika, maana ilikuwa raundi yake bora. Uso ukamvimba, ukalegea, naye akaangua kicheko kuliko wote.

"Haya, mama mtoto," akasema, akijifuta macho. "Si ulikuwa unautaka ukweli? Mpe."

Naye akautoa. Hakujua mwingine wa kutoa. "Baba, leo ndiyo kweli. Umezunguka uwanja mzima, nimekuona kwa macho yangu. Zile nyingine ndizo... zile nyingine gari lilikuwa juu ya tela. Lilikuwa limesimama. Upepo ulikuwa wa feni ya mtoto."

Mzee akasikiliza mpaka mwisho, kichwa amekiinamisha, kama fundi anayesikiliza vipimo. Nyuma yake wale watatu walikuwa bado wanacheka, na alivisikia vile vicheko pia, akavipima. Akauachia mkono wa binti yake.

"Hata wewe," akasema. "Wao ni vijana, wana utani wao. Lakini wewe ulinipigia pasi shati."

"Baba, naapa..."

"Mke wa Rubani," mzee akasema kwa heshima, kama mtu anayemsemesha mgeni, "naomba unionyeshe choo kilipo. Nimechafuka."

Wiki nzima alimwita hivyo. Mke wa Rubani, chai nimeshiba. Mke wa Rubani, mtoto analia. Hakupaza sauti, hakumnyima salamu. Taji la plastiki lilibaki juu ya kitanda, na mluzi haukusikika. Jikoni binti alijikaza, akapika, akaosha. Kila akipita mlango wa chumba cha uani alipunguza hatua, akitega sikio lile neno moja alilozaliwa nalo. Halikuja.

Jumamosi, tela liliporudi kutoka uwanjani, mzee alikuwa ameshakaa kwenye kigoda. Shati lilikuwa halijapigwa pasi. Alilifua mwenyewe kwa kupapasa, doa limebaki.

"Mkwe," akaita. "Nikuombe kitu. Ile ya wiki iliyopita nimekusamehe. Nipe ile ya kweli."

"Baba, wewe tu!" Rubani akampandisha, akamfunga mikanda kwa upole wa ajabu. Kisha akaja mpaka mlangoni kwa mkewe, akamkabidhi feni mikononi. Akasema kwa sauti ya chini, bila hasira yoyote:

"Stuli imevunjika. Leo wewe ndiye upepo."

Angeweza kuitupa chini. Alitazama kwenye gari. Baba yake alikuwa amekaa wima kwenye kiti chekundu, mikono imekamata magoti, shingo imekaza, anasubiri kwa woga aone kama na leo watamcheza.

Akaenda. Akachomeka waya, akasimama dirishani, akainua feni mpaka usawa wa uso wa mzee.

Injini ikanguruma. Simu ikashangilia. "Kona ya kulia!" Tairi akapiga kelele, tela likalala kulia, na mzee akalala nalo. Uso uliokuwa umefungwa wiki nzima ukafunguka, kidogo, kisha wote.

"Eeh! Hii ndiyo! Mkwe, hii ndiyo sasa!" Akameza upepo kwa mdomo wazi. Halafu akainama upande wa dereva, akashusha sauti. "Ila yule usimlete tena."

Rubani akamtazama mkewe kupitia dirishani. "Hayupo, baba. Tuko wenyewe."

"Haya. Kanyaga."

Mkono ulimuuma, hakuushusha. Alisogeza feni karibu zaidi, nywele chache za mvi zikalala nyuma juu ya kichwa cha baba yake, na akabana pumzi ili mzee asije akamjua.